Mwimo wa Kushoto

Nkowe, Ruangwa,
Kwa njia ya Posta Nachingwea.
6 Julai 1955

Kwa Kaka yangu Amri,

Assalaam alaikum. Pokea kwanza salamu za Mama, za mdogo wetu Biasha, za mke wangu Zena na za majirani wote wanaokukumbuka. Zangu nimeziweka mwisho kwa makusudi. Ukifika huko utaamua mwenyewe kama unazitaka. Sisi huku ni wazima. Mama analalamikia goti la kulia, lakini jana nilimwona akipepeta ufuta tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kupumzika, kwa hiyo nadhani goti hilo humwuma akiwa ameketi tu. Nawe hujambo huko Mtwara? Tumesikia kwa watu wa gari la moshi kwamba bandari imekamilika, na kwamba wewe umefanywa msimamizi wa makuli. Kama ni kweli, hongera sana. Kama si kweli, Mama ameshawaambia wanawake wote wa kisimani, kwa hiyo itabidi ujitahidi iwe kweli.

Najua hukujibu barua zangu tatu zilizopita. Sikulaumu. Zilikuwa barua za mvua na mavuno, na mimi mwenyewe nikizikumbuka naona aibu. Hii nakuomba uisome mpaka mwisho, hata kama utaichana baadaye.

Habari ya kwanza ni ya furaha. Biasha anaolewa. Amechumbiwa na kijana wa Malolo, mkulima, mpole kiasi kwamba alipokuja na wazee wake chai ilimpoa mkononi, maana aliona haya kunywa mbele ya Mama. Biasha anasema hampendi, huku akiulizia kila siku kama kuna mtu aliyetoka Malolo. Arusi ni Ijumaa ya kwanza baada ya Idi Kubwa. Kwa kalenda iliyotundikwa dukani, ni tarehe tano mwezi wa nane.

Sasa, arusi za kwetu unazijua. Bwana arusi na watu wake wakifika lazima wakute mlango umefungwa, na ndani yuko kaka wa bibi arusi ameshikilia komeo. Waimbe, wabembeleze, watoe cha kufungulia mlango, ndipo wapite. Na nyumba ya Mama haina tena mlango wa kufungwa. Ule wa mninga aliouchonga Marehemu Baba umeliwa na mchwa upande wa chini mpaka kuku wanapita bila kuinama. Mwaka jana ukakatika na ule ulimi wa mbao uliokuwa ukizunguka kwenye kizingiti. Tangu hapo tunauegemeza tu kwa gogo. Biasha alisema hataki wakwe zake watoe ada ya mlango halafu atangulie kutoka jogoo. Basi kazi ya mlango ikawa yangu, na ndiyo iliyonifikisha kwenye barua hii.

Mlango niliupata Nachingwea. Zile nyumba za Wazungu wa mradi wa karanga zinabomolewa moja moja, na kila kitu kinauzwa: mabati, madirisha, mpaka mabakuli ya kunawia. Mimi nilifanya kazi katika karakana yao miaka miwili, kwa hiyo najua ipi ni mbao na ipi ni rangi tu. Nilichagua mlango wa mvule, mzito, wenye bawaba za shaba na kitasa chenye ufunguo wake. Tuliubeba kichwani mimi na rafiki yangu Stefano, yule Mmakua tuliyekuwa naye karakanani, tukiusukuma juu ya baiskeli pale njia inapokuwa nzuri. Tulipopita Nandagala tulikuwa tumeufunika kwa shuka kwa ajili ya vumbi. Wazee waliokuwa njiani wakavua kofia, na mmoja akatufuata nyuma akiuliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki. Stefano alimjibu kwamba ni mlango. Yule mzee alituapiza, na sikuona sababu ya kumbishia.

Umepakwa rangi ya kijani, na katikati umeandikwa 27 kwa rangi nyeupe. Mama aliutazama, akauliza hizo nyumba nyingine ishirini na sita ziko wapi.

Ukiuliza watu, watakwambia kazi ni mlango. Lakini wewe ni mtoto wa fundi, unajua kwamba kazi ni fremu. Mlango mpya ukiutundika kwenye fremu isiyoandaliwa, unaharibu vyote viwili. Kwa hiyo mlango niliuegemeza ukutani, nikaanza na fremu ya mpingo ya Baba. Nilitoa mlango wa zamani. Nikachokonoa tope lililoziba pembeni. Nikakwangua masizi na mafuta ya miaka tisa kwa kipande cha chupa, kisha nikapiga msasa mpaka ule weusi wenye michirizi ya zambarau ukatokeza. Kaka, mti ule haujaguswa na mchwa hata kidogo. Kila kitu kilichouzunguka kimeoza, wenyewe unang'aa. Matundu mawili ambamo mlango wa zamani ulikuwa ukizunguka, la juu na la chini, niliyaziba kwa vipande vya mninga na gundi, nikavisawazisha kwa patasi mpaka ukipitisha kidole husikii kitu.

Mlango wa Mzungu ni mrefu na mwembamba, fremu ya Baba ni fupi na pana. Nikakata mlango inchi nne chini, na kwenye mwimo wa kulia, ule mti wa pembeni wa fremu, nikaongeza ubao wa kujazia upana. Nilipofunga bamba la kitasa, skrubu mbili zilikatika vichwa ndani ya mpingo kabla sijakumbuka kutoboa kwanza kwa keekee na kuzipaka sabuni. Nilitukana, Mama akasikia, akaniuliza kama hayo ndiyo niliyofundishwa na Wazungu. Nilimwambia hapana, hayo nilifundishwa na Baba. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Kisha nikapima usawa wa fremu. Nilivuta kamba kutoka pembe hadi pembe, na kamba moja ikaizidi ya pili kwa vidole vitatu. Nikashusha timazi, ule uzi wenye uzito mwishoni. Mwimo wa kulia ulikuwa umesimama wima kabisa. Mwimo wa kushoto, ambao ndio wa kubeba bawaba, ulikuwa umeteleza kule chini na kulalia nje. Nilikaa nikautazama huku timazi ikining'inia. Sikushangaa, na sababu ya kutoshangaa nitakwambia.

Fundi akikuta fremu imepinda ana njia mbili. Ya kwanza ni kuinyoosha, na hapo lazima ufukue mguu wa mwimo, ubomoe ukuta kidogo, uone kimeharibika nini. Ya pili ni kuukata mlango wenyewe uwe umepinda kiasi kile kile. Ukifanya hivyo kwa uangalifu mlango utafunga, na mpita njia hatajua chochote. Mimi nilichukua penseli, nikachora ule mstari wa kupinda kwenye mlango mzuri wa mvule. Msumeno ulikuwa mkononi.

Wakati huo huo Mama akaja kuketi karibu yangu na jambo lake. Alisema Biasha amemwambia kwamba hataki mimi nishike komeo siku ya arusi wakati kaka yake mkubwa yuko hai na hakai mbali. Anataka uwe wewe. Mama naye alikwisha kuzungumza na Mzee Bashiri wa msikitini, wakakubaliana wazee wakusanyike wasome dua, wakuombee msamaha kwa Mungu na kwa Marehemu, ili lile neno la Baba liondoke na wewe uweze kuingia nyumbani. Akasema kwa kuwa mimi ndiye mwenye kuandika vizuri, nikuandikie barua nikwambie kwamba umesamehewa.

Nilimjibu kwamba nitaandika. Nilianza barua hiyo mara mbili, Kaka. Ya kwanza ilifika mistari minne. Ya pili ilifika kwenye neno "umesamehewa" na mkono ukakataa.

Yanayofuata unayajua, lakini nataka nikuandikie yote kwa utaratibu, kwa sababu kuna sehemu moja hukuiona.

Mwaka wa arobaini na sita, wakati wa kiangazi, Baba alileta miti miwili ya mpingo kwa ajili ya miimo ya nyumba hii. Baba alikuwa na mwiko wake katika kazi, nao aliushika kuliko mambo mengine yote: mti lazima usimame nyumbani kama ulivyosimama porini, shina chini, ncha juu. Alisema mti uliosimamishwa kichwa chini haumpi mtu utulivu. Kwa hiyo alikuamuru wewe, mkubwa wetu, uweke alama ya mkaa kwenye shina la kila mti kabla hatujauchonga mraba, maana ukishachongwa huwezi tena kujua kwa macho. Uliweka. Kisha ikaja habari ya msiba kule Malolo, Baba akaenda siku tatu, akatuachia kazi: wewe mwimo wa kulia, mimi wa kushoto. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilijiona fundi mkubwa.

Aliporudi alikuta fremu imesimama, na ukuta umekandikwa. Aliipiga kwa kiganja kulia na kushoto, akatusifu wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kunisifu mimi mbele ya watu.

Halafu mwaka wa arobaini na nane tukampoteza mdogo wetu wa mwisho, Kaimu. Alikuwa na miaka miwili, alikuwa ameanza kutuita kwa majina, wewe akikuita Ami. Mvua za masika zilizofuata zikaangusha udongo wa ukuta upande wa kushoto wa mlango, na mgongo wa mwimo ukaonekana, ule upande tulioacha na gamba lake. Baba akaona macho ya matawi yakitazama chini, akajua mti umesimamishwa kichwa chini. Alikaa mbele ya mti ule mpaka Mama akamletea maji, akayakataa. Akatuita, akauliza nani aliweka alama. Ukasema ni wewe, uliweka kwenye shina, na mwimo ulisimamishwa kama alama ilivyoonyesha. Ulisema kweli, na ukweli wenyewe ndio uliokufunga. Baba hakupiga kelele. Alisema maneno ambayo watu wa kijiji hiki wanayarudia mpaka leo:

"Aliyepindua mti wangu asivuke kizingiti changu."

Hakumtaja Kaimu, lakini hakuna aliyehitaji kutajiwa. Kisimani walisema mti uliopinduliwa ndio uliomuua mtoto, sokoni walisema hivyo hivyo. Ukaondoka wiki ile ile, kwanza kwenda kufyeka pori la karanga, kisha Mtwara. Tezo, patasi na randa za Baba, ambazo zilikuwa ziwe zako, nikapewa mimi. Na alipofariki, mwaka wa hamsini na mbili, ulikuja ukasimama makaburini, ukatupia udongo wako, ukarudi kituoni bila kuja nyumbani. Mama alikuwa amekupikia.

Sasa sehemu usiyoijua.

Siku ya pili ya ule msiba wa Malolo, wewe ulikwenda kuchimba udongo wa kukandika. Mimi nilibaki nachonga ulimi wa juu wa mwimo wangu, ule unaopenya kwenye kizingiti cha juu na kuonekana upande wa pili. Mpingo ukikauka ni mgumu lakini unavunjika ghafla. Nilipiga patasi kwa pupa, nikitaka unikute nimemaliza kabla yako. Ulimi wote ukamomonyoka, kikabaki kisiki cha upana wa kidole. Niliogopa, Kaka. Sikuogopa kupigwa; Baba hakuwa mtu wa kupiga. Niliogopa kwamba atasema nirudi kwenye jembe. Nikafikiri haraka: ulimi wa chini unaingia kwenye kizingiti cha chini na unafukiwa na udongo, hakuna atakayeuona. Nikaugeuza mti. Kile kisiki nikakiweka kiwe upande wa chini, na kwenye shina nikachonga ulimi mpya, mzuri sana, uwe wa juu. Kisha nikachukua kitambaa chenye maji nikaifuta alama yako ya mkaa, nikaiandika upya kwenye upande mwingine, nikiiga mkono wako. Uliporudi uliiona ukadhani ni ile uliyoiweka. Tukainua mwimo pamoja, wewe ukiwa umeshika upande mzito.

Mimi ndiye niliyepindua mti. Wewe hukufanya kosa lolote.

Siku ile Baba alipotuuliza, nilikuwa nimesimama mkono wako wa kulia. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilijiambia nitasema jioni, akipoa. Jioni nikajiambia kesho. Ulipofunga mzigo wako nilikusindikiza mpaka njia panda, nikakubebea mkeka, na hata pale sikusema. Baadaye nikaanza kujidanganya kwamba una maisha mazuri Mtwara, kwamba pengine mimi ndiye niliyebaki na mzigo wa kulea wazazi. Mtu anaweza kujidanganya miaka mingi akiwa na kazi ya kufanya kwa mikono. Na neno la Baba halikukutaja jina. Alisema aliyepindua mti. Neno hilo tangu siku ya kwanza lilikuwa langu, na mimi nilivuka kizingiti kile kila siku, asubuhi na jioni, miaka saba.

Basi pale Mama aliponiambia nikuandikie kwamba umesamehewa, nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu, Alhamisi ya wiki iliyopita, nilimfuata uani akipepeta ufuta nikamwambia yote, kuanzia patasi mpaka mkaa. Hakulia. Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akasimamisha ungo. Alisema kwa Kimwera, nami nakuandikia kwa Kiswahili kama nilivyosikia:

"Miaka saba nimekupakulia wewe kwanza."

Alirudi kwenye ufuta wake mpaka jua lilipokaribia kuzama. Ndipo akasema kwamba lile neno lilisemwa mbele ya watu, kwa hiyo na hili lisemwe mbele ya watu, na kwamba wewe nikuandikie kwa mkono wangu mwenyewe, nisitume mtu.

Ijumaa baada ya sala nilisimama msikitini nikawaambia watu yote. Niliwaambia dua ya kukuombea wewe msamaha isisomwe, kwa sababu huna unachosamehewa. Mzee Bashiri alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akaondoka bila kunipa mkono. Kesho yake akatuma watu kuchukua mbao zake alizonipa nimtengenezee madirisha. Wengine wawili wamefanya hivyo hivyo. Zena ameniuliza kwa nini nilimwoa bila kumwambia alikuwa anaolewa na nani. Bado ananipikia, lakini hazungumzi sana. Nakuandikia haya ili ujue habari zote. Sitaki unionee huruma.

Sasa kuhusu fremu. Ule mstari niliouchora kwenye mlango nimeufuta kwa randa. Tangu Alhamisi ile sijavuka kizingiti cha Mama. Nakula barazani, nalala kwangu nyuma ya nyumba, na kazi yote naifanyia nje. Stefano alikuja kunisaidia, yeye akiwa ndani, mimi nje. Tulifukua mguu wa mwimo wa kushoto, tukaukuta ule ulimi wangu mfupi umelegea kwenye kizingiti kama jino la mtoto. Tukautoa mwimo mzima. Nikautia ulimi wa kupandikiza pale nilipouvunja, mpingo kwa mpingo, nikaukaza kwa vigingi viwili. Jumatatu tukausimamisha tena, shina chini, ncha juu. Nikashusha timazi na uzi ukalala sawasawa toka juu mpaka chini. Nimevuta kamba pembe kwa pembe, zimelingana. Ukuta tumeukandika upya. Kwa kusema kweli, ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna mtu wa kuisifu, nami naona ni haki.

Lakini mlango haujatundikwa. Unafungukia ndani, kwa hiyo bawaba zake hufungwa kwa ndani, na mimi siingii. Ningeweza kusimama nje nikanyoosha mikono tu, lakini nimeshafanya ujanja wa kutosha kwenye mwimo ule. Stefano alijitolea, Mama akamkatalia kwa adabu. Amesema mlango huo utatundikwa na Amri, na usipotundikwa na Amri, Biasha ataolewa kwa mjomba na yeye atabaki na mkeka mlangoni mpaka Mungu atakapomchukua. Unamjua Mama. Goti linaweza kumshinda, neno lake halimshindi.

Sehemu za bawaba kwenye mwimo sijazichonga. Nimezipima tu, nikaweka alama ya mkaa, na safari hii sitaifuta. Ukiona nimekosea, ifute wewe. Tezo, patasi, randa na keekee ya Baba nimezinoa, nimezipaka mafuta na kumkabidhi Mama, nazo ziko chini ya kitanda chake. Ni zako, uje usije. Mimi nina patasi zangu mbili za karakana, zinanitosha kwa kazi nitakayopata.

Usije kwa ajili yangu. Njoo kwa ajili ya Biasha anayekungoja ushike komeo, na kwa Mama. Ukipanda gari la moshi mpaka Nachingwea, Stefano atakuwa kituoni na baiskeli. Mimi sitakuwepo, ili usilazimike kuniona kabla hujawaona wao. Ukishaingia, ukishatundika, ukiona inafaa niitwe, nitakuwa barazani. Ukiona haifai, nitaelewa, na nitaendelea kumletea Mama kuni na maji mpaka hapo kizingitini.

Kaka, nimekukosea. Nimekunyang'anya nyumba, kazi, jina na matanga ya Baba, na nimekaa navyo miaka saba nikivitumia. Nakupenda, na nilikupenda wakati wote ule, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi.

Hizi ndizo salamu zangu. Wasalimie wenzako wa bandarini, nawe Mungu akulinde na mizigo mizito.

Mimi mdogo wako, niliyepindua mti,
Mikidadi

Nilikuwa nimekwisha kuifunga barua hii, Mama akaniamuru niifungue nimsomee. Nimemsomea mara mbili, yeye akiwa amekaa ndani, mimi barazani, na uwazi wa mlango katikati yetu. Anasema kuna jambo nimeliacha likae kana kwamba ni kweli, na hataki lifike kwako hivyo. Anasema Baba yenu alikuwa na uchungu wa mtoto akautafutia mahali pa kuuweka, na yeye Mama aliliona hilo siku ile ile akanyamaza, kwa hiyo na yeye anakuomba radhi. Ameniambia niandike maneno yake kwa herufi kubwa zinazosomeka, nisiongeze wala nisipunguze:

AMRI MWANANGU. KAIMU ALIKUFA KWA HOMA. NILIKUWA NIMEMSHIKA MIMI. HAPAKUWA NA MTI.